Shairi Limekwenda Embu, Mwenyewe Amebaki Meru

Sisi watu wa pwani tuna msemo kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni, na nimeutumia mara nyingi katika ukurasa huu, walakini sikupata kuupima sawasawa hata nilipofika Meru katika muhula wa pili wa mwaka 2024. Huko nilikutana na kijana ambaye ubawa wake ulikuwa shairi, na kamba iliyomfunga ubawa huo ilikuwa hesabu.

Kisa chenyewe, wasomaji wangu, ni hiki.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Mombasa aliyekaa bara miaka mingi, alinipigia simu akanitaka niende shuleni kwake nikawape wanafunzi wake somo la kughani. Walikuwa wakijitayarisha kwa Tamasha la Muziki, lile tamasha kongwe lililoanza mwaka 1927, ambalo hupanda ngazi kwa ngazi kutoka mitaani hadi taifa, na ambalo ndani yake mna mashindano ya mashairi.

"Ustadh," aliniambia, "wavulana wangu mashairi wanayo, lakini wanayasoma kama mtu asomaye tangazo la mnada. Njoo uwape sauti."

Nikafunga safari. Nililala Nairobi, na asubuhi yake nikashika njia ya Thika, nikapita Mwea penye mashamba ya mpunga, ule mchele unukiao katika pilau za harusi zetu. Nikapita Embu na Runyenjes, nikapita Chuka kwa wale wapiga ngoma mashuhuri waibanao ngoma ndefu baina ya mapaja wakacheza nayo, hata magharibi nikaingia Meru. Mvua ilikuwa ikinyesha ile ya manyunyu isiyokatika. Nilimshukuru marehemu mama yangu kwa shali aliyoniachia, maana baridi ya mlima ule haimjui mgeni wala mwenyeji.

KIJANA WA IGEMBE

Shule hiyo sitaitaja, na mwalimu mkuu wake sitamtaja, kwani sikuja hapa kumshitaki mtu. Nataka tulitazame jambo lenyewe.

Wavulana niliowakuta darasani walikuwa ishirini na watatu. Niliwafunza namna ya kukata pumzi kwenye kituo, namna ya kushusha sauti kwenye kina cha kati na kuipandisha kwenye kina cha mwisho, na kwa nini mizani ikipungua moja sikio hujua kabla ya akili kujua. Karibu na dirisha alikaa kijana wa kidato cha tatu, sweta lake limetoboka kiwiko, midomo yake ikitikisika bila ya sauti. Alikuwa akihesabu mizani kwa vidole chini ya meza.

Nilipouliza nani ana shairi lake mwenyewe, wenzake walimsukuma asimame.

Kwao ni Igembe, ng'ambo ya milima ya Nyambene, huko miraa inakotoka. Lugha ya mama yake ni Kimeru. Kiswahili alikipata shuleni, na redioni, na kwa mjomba wake aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, ambaye kila alipokwenda nyumbani likizo alimpelekea vitabu vya mashairi vya mitumba. Mjomba huyo alikuwamo katika lile basi lililotoka Meru kuja Mombasa, likatumbukia kwenye daraja la Nithi jioni ya tarehe 24 Julai 2022. Watu zaidi ya 30 walipoteza roho zao. Wasomaji wa Mombasa hawajalisahau, kwani kuna waliongoja kituoni usiku kucha wakipokea simu badala ya wageni.

Kijana akasimama, akafumba macho, akaghani ubeti huu, ambao nauandika hapa kwa idhini yake:

Nithi we wateremka, waimba majabalini,
Basi likaporomoka, na mjomba yumo ndani,
Mkoba wake wafika, mwenyewe yu mchangani,
Mkewe akimtaka, nijibu nini nyumbani?

Mimi nimeandika mashairi ya maombolezo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewalilia masheikh, manahodha na jamaa zangu wa damu. Yakini nawaambia kwamba ule mstari wa mkoba ningeutaka uwe wangu. Nilimwuliza ameupataje. Akasema mkoba ulirudishwa kwao siku ya nne, mkavu, haukuwa hata na mchubuko, na ndani yake mlikuwa na kitabu alichokuwa amenunuliwa yeye.

Tulikubaliana siku ile kwamba yeye ndiye atakayetangulia, na wenzake wapokee kituo. Nikarudi Mombasa nikiwa na furaha.

NAFASI TUPU

Majuma matatu baadaye nilikwenda Embu kwenye mashindano ya mkoa, nikakaa miongoni mwa watazamaji. Ukumbi ulijaa watoto wa sare za kila rangi, na waalimu wakikimbia huku na huku na karatasi mikononi. Shule yetu ilipoitwa, wavulana wakapanda jukwaani, wakapanga mstari. Mbele yao akasimama kijana mwingine, mrefu, mwenye sauti nzuri. Akaghani bila ya kukosa hata mizani moja.

Alighani vizuri, walakini alimlilia mjomba asiyekuwa wake. Sikio lilitosheka, moyo ukabaki umekaa pale pale.

Nilimfuata mwalimu nje. Alikuwa amesimama chini ya mti akikunja na kukunjua karatasi ya matokeo. Walikuwa wa tatu.

"Kijana yuko wapi, Maalim?"

"Amebaki, Ustadh. Ni hesabu."

Akanieleza. Mwanzoni mwa mwaka shule ilibandika amri ubaoni: mwanafunzi ambaye wastani wake haukufika C, au aliyepata E katika somo lolote, hatatoka nje ya lango kwa mchezo, wala kwaya, wala tamasha, wala chama chochote. Kijana wetu alipata A ya Kiswahili. Wastani wake ulikuwa D+, na hesabu yake ilikuwa E. Siku mbili kabla ya safari jina lake likakatwa kwa wino mwekundu, na shairi lake akapewa mwenzake alihifadhi.

"Alisemaje?" niliuliza.

"Hakusema neno. Alimfundisha mwenzake usiku kucha mahali pa kukata pumzi."

Jioni ile nilirudi nao Meru katika basi la shule. Wavulana waliimba kutoka Embu mpaka Chuka, wakipiga viti kwa viganja. Basi lilipoanza kuteremka kuelekea Nithi, dereva akapunguza mwendo, na wao wakanyamaza mmoja mmoja bila ya mtu kuwaambia. Tulivuka daraja kimya kabisa, mto ukivuma chini gizani. Nilimwona yule kijana mrefu akiegemeza paji la uso kwenye kioo. Hapana aliyeimba tena mpaka tulipofika shuleni.

HOJA ZA MWALIMU MKUU

Kesho yake nilimwendea mwalimu mkuu. Nilikwenda nikiwa na hasira, na nilitoka nikiwa na maswali, kwa hiyo ni haki nimweleze kama nilivyomsikia.

Ni mtu mpole, mwenye mvi kunishinda. Akaniagizia chai ya maziwa, akaniambia, "Mzee, najua umekuja kwa ajili ya nini. Hebu tazama dirishani." Nje palikuwa na wanawake wawili wamekaa kwenye benchi, mmoja na kikapu cha ndizi. "Yule amekuja kulipa karo. Ameuza ng'ombe. Je, nikimwambia mwanawe alikuwa Embu akiimba, na hesabu amepata E, atanielewa?"

Akaendelea kunieleza kwamba kabla ya amri ile kulikuwa na wavulana wasioonekana darasani muhula mzima. Leo wako mazoezini, kesho wako safarini, keshokutwa wamechoka. Wengine walijiunga na kwaya kwa ajili ya safari tu. Waalimu wa sayansi walilalamika, wazazi wakalalamika. Na juu ya yote kuna hesabu nyingine, ile ya shule nzima. Mwaka 2014 waziri wa elimu wa wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, naye ni mtu wa Meru, alipiga marufuku kuzipanga shule kwa matokeo ya mtihani, ya kwanza mpaka ya mwisho. "Lakini watu hawakuacha kutupanga," alisema. "Wanatupanga sokoni, kanisani na kwenye matatu. Wastani ukishuka, mzazi anahamisha mtoto."

Alinikumbusha pia mwaka 2016, wakati waziri Fred Matiang'i alipokataza michezo, ziara za wazazi na siku za maombi katika muhula wa tatu, ili kuzuia wizi wa mitihani. Serikali yenyewe, alisema, iliona kwamba shughuli hizi zaweza kuwa mlango wa mambo mengine.

Sikuweza kumpuuza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi wazee wa pwani ndio tunaowaimbia watoto msemo huo. Tukisema leo kwamba mtoto aachwe acheze tu, tutakuwa tumewadanganya watoto na mama zao waliouza ng'ombe.

Walakini nilimwuliza jambo moja: tangu amri hiyo ibandikwe, hesabu ya kijana wetu imepanda?

Akafungua daftari. Alitazama kwa muda. "Haijapanda," akasema.

"Na kuna mwalimu aliyekaa naye?"

"Mzee, nina wavulana karibu elfu moja."

WENGINE WALIFANYAJE

Amri ya namna hii haikuzaliwa Meru, na katika nchi yetu aghalabu hutoka kwa shule yenyewe. Kanuni za mashindano ya shule za Kenya hutazama zaidi umri wa mchezaji na kama ni mwanafunzi halali. Wako waliolifanya jambo hili kuwa sheria kamili, na ni vyema tujue yaliyowapata.

Mwaka 1984 jimbo la Texas, huko Marekani, lilipitisha sheria ya elimu iliyopiganiwa na tajiri H. Ross Perot. Watu wakaifupisha kwa maneno manne yenye maana kwamba asiyefaulu hachezi. Mwanafunzi aliyepata chini ya alama 70 katika 100, hata kwa somo moja, alizuiwa kushindana kwa majuma sita. Sheria haikuchagua baina ya mpira na tarumbeta. Mpiga zumari wa bendi ya shule alizuiwa sawa na mchezaji mpira. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikasema sheria ni halali. Miaka kumi ikapita. Mwaka 1995 wakailegeza wenyewe: aliyezuiwa akaweza kurudi baada ya majuma matatu akifaulu, na wakati wa kuzuiwa aliruhusiwa kufanya mazoezi na wenzake. Msomaji ayakumbuke mambo hayo mawili, la muda mfupi na la mazoezi, kwani nitayarudia.

Vyuo vya Marekani navyo viliweka sharti mwaka 1983, likaanza kutumika mwaka 1986, kwamba mwanamichezo mpya awe na wastani wa 2.0 katika masomo 11 ya msingi, na afikie kiwango fulani katika mtihani wa kuingilia chuo. Jambo hili latuhusu sisi Wakenya, maana vijana wetu wengi wamevuka bahari kwa miguu yao, yaani kwa mbio.

Katika hao nitawataja wawili. Mike Boit alipata nishani ya shaba katika mbio za mita 800 huko Munich mwaka 1972, akasoma Marekani, na hatimaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81, jambo lililowafanya watu wa dunia nzima wapigwe na butwaa. Baadaye alihangaika miaka mingi na ulevi na ufukara, na mwenyewe aliyasimulia hayo bila ya kuficha, hata alipofariki mwaka 2024. Simhukumu marehemu, Mungu amrehemu. Nataka kusema kwamba miguu huchoka, na sauti hukauka, na siku hiyo ikifika mtu huuliza ana nini kingine. Hapo mwalimu mkuu wa Meru ana haki yake kamili.

TARI YA MAULIDI

Sasa niruhusuni nirudi nyuma, kwani nilipokuwa nikimsikiliza mwalimu mkuu nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe nilipata kuzuiwa kwa amri kama ile.

Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, chuoni kwa maalim wetu. Maulidi yalikuwa yakikaribia, na sisi watoto tulikuwa tukifunzwa kupiga matari na kuitikia kasida. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, na nilijua hivyo, na kwa kujua hivyo niliacha kudurusu. Maalim akatutangazia kwamba atakayepiga tari usiku wa Maulidi ni yule aliyemaliza sehemu yake ya Juzuu Amma. Sehemu yangu ilikuwa Sura Annaba, nami kila nilipofika katikati ulimi ulijifunga. Nilirudi nyumbani nikilia.

Lakini tazameni maalim alivyofanya. Kwanza, kipimo changu kilikuwa ubao wangu mwenyewe. Mwenzangu mmoja alikuwa amefika mbali kunishinda, mwengine alikuwa bado yumo katika sura fupi za mwisho. Kila mmoja aliulizwa alichopewa yeye, na yule wa sura fupi alipozisoma alipewa tari yake kama wengine. Pili, maalim hakunitoa mazoezini. Alasiri nilipiga tari pamoja na wenzangu, na usiku wa siku yenyewe tu ndio uliokuwa na sharti. Tatu, na hili ndilo kubwa, alinikalia. Usiku saba mfululizo baada ya Isha alinikalisha mbele yake, yeye na taa yake, akanirudisha pale ulimi ulipojifunga mpaka ukafunguka. Usiku wa nane nilisoma sura nzima. Akainua tari kutoka ukutani, akaipasha moto kidogo ili ngozi ikaze, akanipa.

Wale wa Texas walihitaji miaka kumi ya mabishano kuyafikia mambo mawili katika hayo matatu. Maalim wetu hakusoma sheria popote. Alijua kwamba anachokitaka ni mtoto asome, na tari ilikuwa kamba ya kumvutia kwenye ubao.

Ndipo nikaona kosa la amri ya Meru liko wapi. Kosa haliko katika kutaka alama. Kosa ni kwamba mtoto anaambiwa "hukufika," kisha hapana anayemwambia njia ya kufika. C ni ile ile kwa aliyetoka B na kwa aliyetoka E. Aliyetoka B akiteleza kidogo bado yumo. Aliyetoka E akapanda mpaka D+, kwa jasho ambalo yule wa B hajawahi kulitoa, bado yuko nje, na muhula ujao atakuwa nje, na hatimaye ataona kwamba kupanda hakuna faida.

TUNAOWAACHA LANGONI

Tukumbuke pia ni wangapi tunaowazungumzia. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024 watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ na kuendelea, yaani alama ya kuingilia chuo kikuu kwa shahada, walikuwa 246,391. Hiyo ni kama robo. Robo tatu za watoto wetu walitafuta njia nyingine, na kwa wengi wao njia hiyo ni mkono, au mguu, au sauti. Tukiwafungia mkono, mguu na sauti kwa sababu ya alama, tutakuwa tumewanyima cha chuo na cha nje ya chuo.

Bibi Siti binti Saad wa Unguja hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa mfinyanzi auzaye vyungu kwa miguu. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri, na pwani nzima ikamsikiliza. Sisemi watoto wasisome ili wawe akina Siti. Yeye mwenyewe angeshangaa kusikia hivyo. Nasema kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kuwa kila mja husahilishiwa lile aliloumbiwa, na mlezi mwema hutazama mtoto amesahilishiwa nini kabla ya kumfungia mlango.

Hata huko Embu wana mfano wao. Mzee Jeremiah Nyagah, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa mwalimu, akawa mbunge, akawa waziri wa elimu katika miaka ya 1960. Mtu huyo huyo alikuwa kamishna mkuu wa skauti wa Kenya kwa miaka mingi. Aliyeshika wizara ya vitabu ndiye aliyeshika vijana wa mahema na mafundo ya kamba, wala hakuona kwamba kimoja ni adui wa kingine.

Na nyakati zenyewe zinabadilika. Katika mtaala mpya, shule za sekondari za juu zina mikondo mitatu, na mmoja wao ni wa sanaa na michezo. Maana yake ni kwamba lile ambalo jana liliitwa la ziada, likapewa ruhusa kwa hisani ya hesabu, leo ni somo lenye mwalimu na mtihani wake. Walakini mtaala hubadilishwa kwa karatasi, na mazoea hubadilishwa kwa watu. Tukiingia katika mkondo mpya na kufuli ya zamani, tutakuwa hatukwenda popote.

MWISHO WA KISA

Nilimsimulia mwalimu mkuu kisa cha tari. Alicheka aliposikia habari ya kuipasha moto, akasema kwao ngoma nazo huanikwa juani. Kisha nikamwekea mambo matatu mezani. La kwanza, mwanafunzi apimwe na alama yake ya muhula uliopita. Akipanda, aende, hata kama hajafika C. La pili, aliyezuiwa asitolewe mazoezini, na azuiwe kwa majuma machache yanayojulikana, asifungiwe mwaka. La tatu, jina la mtoto likikatwa, liandikwe mahali pengine pamoja na jina la mtu atakayekaa naye, hata akiwa ni mwanafunzi wa kidato cha nne aliye hodari, kwani waalimu hawatoshi.

Hakunijibu siku ile. Alinisindikiza mpaka langoni, akaniambia, "Mzee, nitalifikiria." Nimeambiwa maneno hayo na wakubwa wengi, nikayachukulia kuwa ni kwaheri.

Nilikosea. Muhula wa kwanza wa mwaka 2025 mwalimu wangu wa Kiswahili alinipigia simu. Amri ya zamani ilikuwa imeondolewa ubaoni, mpya imebandikwa, na aliyepanda kutoka alama yake aliruhusiwa. Kwaya ilipata watu, timu ya mpira ikapata golikipa wake, na baadhi ya wavulana wa E walionekana wamekaa wawili wawili baada ya chakula cha jioni wakifanya hesabu.

"Na kijana wetu?" niliuliza.

Kimya kidogo. "Yuko kidato cha nne sasa, Ustadh. Kidato cha nne hapa hawaendi tamasha, wanangoja mtihani. Hesabu yake imefika D+."

Kwa hiyo amri njema ilimkuta keshapita. Hakuna jukwaa la Embu lililomwona, na shairi lake kwa mujibu wa karatasi za tamasha lilighaniwa na mwenzake. Mtihani wake amekwisha kuufanya, na alama zake ni zake na wazazi wake. Si za gazeti.

Lakini mwaka huo, kabla ya kumaliza, aliniletea barua kwa mkono wa mwalimu. Ndani yake mlikuwa na ukurasa uliochanwa kutoka daftari la hesabu, lenye vile vijisanduku vidogo vya buluu. Alikuwa ameandika beti nne mpya, kila mizani ndani ya kisanduku chake, nane upande huu na nane upande huu, bila ya kukosea hata kimoja. Niliuhesabu ukurasa ule mara mbili. Kisha nikautia ndani ya msahafu wa maalim wangu, mahali panapoanza Sura Annaba.